Udhibiti wa fleva katika OpenStack

Udhibiti wa fleva katika OpenStack ni utaratibu unaomwezesha msimamizi wa wingu la binafsi kuamua ni miradi ipi inaruhusiwa kutumia mpango fulani wa rasilimali inapounda mashine pepe. Katika OpenStack mpango huo huitwa fleva, neno lililotoka katika Kiingereza likiwa na maana ya ladha. Fleva hutaja kiasi cha prosesa, kumbukumbu na diski ambacho mashine pepe itapewa. Fleva inaweza kuwa ya wazi, yaani inaonekana na kutumiwa na miradi yote, au ya faragha, yaani inaonekana na kutumiwa na miradi iliyotajwa tu.

Utaratibu huu ni muhimu kwa sababu wingu la binafsi lina mipaka. Taasisi inayoliendesha ina idadi maalumu ya seva katika chumba chake, na seva zikijaa hakuna nyingine mpaka zinunuliwe. Hivyo anayeruhusiwa kuchukua mashine kubwa anaweza kuwaacha wengine bila nafasi.

== Wingu la binafsi ==

Huduma za wingu ni njia ya kutumia kompyuta kupitia mtandao bila mtumiaji kushika kompyuta yenyewe. Katika wingu la umma, kama lile la Amazon, mtu yeyote mwenye uwezo wa kulipa anaweza kukodi mashine. Katika wingu la binafsi, seva zote zinatumiwa na taasisi moja, kwa mfano chuo kikuu, benki, kampuni ya simu au kituo cha utafiti.

Seva moja halisi hugawanywa kuwa mashine pepe nyingi. Kila mashine pepe hufanya kazi kana kwamba ni kompyuta kamili: ina mfumo endeshi wake, diski yake na anwani yake ya mtandao. Programu inayogawa seva, kupokea maombi ya watumiaji na kuchagua mahali pa kuweka kila mashine ndiyo jukwaa la wingu. OpenStack ni mojawapo ya majukwaa hayo yanayotumika sana.

== Historia fupi ya OpenStack ==

OpenStack ilitangazwa mwezi Julai 2010 na NASA, shirika la anga la Marekani, pamoja na kampuni ya Rackspace. NASA ilitoa programu iliyotokana na mradi wake ulioitwa Nebula, nayo ikawa msingi wa Nova, sehemu inayoshughulikia mashine pepe. Rackspace ilitoa programu ya kuhifadhi mafaili, nayo ikawa Swift. Toleo la kwanza, lililoitwa Austin, lilitoka mwezi Oktoba mwaka huohuo.

OpenStack ni programu huria. Imeandikwa hasa kwa lugha ya Python na hutolewa chini ya leseni ya Apache 2.0, kwa hiyo taasisi yoyote inaweza kuichukua na kuitumia bila kulipia leseni. Mwaka 2012 uliundwa wakfu wa kuisimamia. Miongoni mwa watumiaji wake wanaojulikana ni CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambacho kimeitumia katika kazi zake za kila siku tangu mwaka 2013.

Sehemu mbili za OpenStack zinahusika moja kwa moja na udhibiti wa fleva. Ya kwanza ni Nova, inayotunza orodha ya fleva na kuunda mashine. Ya pili ni Keystone, inayotambua watumiaji na miradi yao.

== Fleva ni nini ==

Mtumiaji wa OpenStack hasemi "nipe prosesa tatu na kumbukumbu ya GB 5". Yeye huchagua fleva moja kutoka katika orodha iliyoandaliwa na msimamizi. Mfano wake ni duka la nguo zilizokwisha kushonwa: mteja huchagua saizi iliyopo, hapimwi kama kwa fundi cherehani.

Kila fleva ina jina, namba ya utambulisho, idadi ya prosesa pepe, kiasi cha kumbukumbu katika megabaiti na ukubwa wa diski kuu katika gigabaiti. Inaweza pia kuwa na diski ya muda, ambayo hufutwa mashine ikifutwa, pamoja na sifa za ziada zitakazoelezwa hapa chini. Mwisho, ina alama inayosema kama ni ya wazi au ya faragha.

Matoleo ya mwanzo ya OpenStack yalikuja na fleva tano zilizokwisha kuandaliwa. Majina yake yalifuata mtindo wa majina yaliyotumiwa na Amazon:

* m1.tiny: prosesa 1, kumbukumbu MB 512, diski GB 1
* m1.small: prosesa 1, kumbukumbu MB 2,048, diski GB 20
* m1.medium: prosesa 2, kumbukumbu MB 4,096, diski GB 40
* m1.large: prosesa 4, kumbukumbu MB 8,192, diski GB 80
* m1.xlarge: prosesa 8, kumbukumbu MB 16,384, diski GB 160

Tangu toleo la Newton la mwaka 2016, fleva hizo haziji tena na programu. Kila msimamizi huunda za kwake kulingana na seva alizonazo na mahitaji ya watumiaji wake.

== Sababu za kuzuia ==

Sababu ya kwanza ni uhaba. Chukua seva yenye kumbukumbu ya GB 256. Tukiacha pembeni kumbukumbu inayotumiwa na seva yenyewe, inaweza kubeba mashine 128 za GB 2 kila moja. Lakini fleva ikiwa ya GB 128, mashine mbili tu zinaijaza. Fleva hiyo ikiachwa wazi, mwanafunzi anayejaribu programu ndogo anaweza kuichagua kwa sababu tu ni kubwa kuliko zote katika orodha, na nusu ya seva ikaenda kwake.

Sababu ya pili ni vifaa maalumu. Baadhi ya seva zina kadi za GPU, ambazo hutumika katika akili bandia, uchambuzi wa picha za hospitali na hesabu za hali ya hewa. Kadi hizo ni ghali na kwa kawaida huwa chache. Kwa kawaida kadi ikishapewa mashine pepe moja, mashine nyingine haiwezi kuitumia mpaka ile ya kwanza ifutwe, hata kama mwenye nayo amekwenda likizo na kuiacha haifanyi kazi.

Sababu ya tatu ni leseni. Kuna programu za kibiashara zinazolipiwa kwa kuhesabu prosesa za seva zinamofanyia kazi. Taasisi hutenga seva chache kwa ajili ya programu hizo na kuunda fleva inayoelekeza mashine huko. Fleva hiyo hupewa mradi husika peke yake, ili gharama isipande.

Sababu ya nne ni usiri. Wingu moja linaweza kuhudumia idara au wateja mbalimbali, na wakati mwingine jina la fleva hufichua mambo. Mteja mmoja hapaswi kujua kwamba mwingine ameandaliwa mashine za aina fulani.

Sababu ya tano ni majaribio. Msimamizi anaweza kuandaa fleva mpya, kuipa mradi mmoja uijaribu kwa wiki chache, kisha ndipo aamue kama inafaa kwa wote.

== Miradi na watumiaji ==

Katika Keystone, kila mtumiaji hufanya kazi ndani ya mradi. Mradi ni kundi lenye mashine zake, mitandao yake na mgao wake. Katika nyaraka za zamani mradi uliitwa mpangaji, kama mpangaji wa chumba katika nyumba, na jina hilo bado limo katika baadhi ya maagizo ya Nova.

Ruhusa ya kutumia fleva hutolewa kwa mradi, haitolewi kwa mtu mmoja mmoja. Mradi ukipewa fleva, kila mwanachama mwenye haki ya kuunda mashine katika mradi huo anaweza kuitumia. Kama katika mradi wa watu 30 ni wawili tu wanaostahili GPU, OpenStack haina njia ya kuwatenga kwa fleva peke yake. Suluhisho la kawaida ni kuunda mradi mwingine wa hao wawili na kuupa huo ruhusa.

Vilevile ruhusa hairithiwi. Keystone inaruhusu mradi kuwa chini ya mradi mwingine, lakini fleva iliyotolewa kwa mradi mzazi haishuki kwa miradi iliyo chini yake. Kila mradi lazima utajwe kwa jina lake.

== Namna ya kufanya ==

Kwa kawaida kazi hii hufanywa na msimamizi tu. Sera za Nova zinaweza kubadilishwa ili kumpa mtu mwingine mamlaka hayo, lakini wingu jipya huanza na msimamizi peke yake.

Hatua ya kwanza ni kuunda fleva ikiwa ya faragha tangu mwanzo:

openstack flavor create --private --vcpus 16 --ram 131072 --disk 100 utafiti.kubwa

Amri hiyo inaunda fleva inayoitwa utafiti.kubwa yenye prosesa 16, kumbukumbu ya MB 131,072 (yaani GB 128) na diski ya GB 100. Mpaka hapo hakuna mradi wa kawaida unaoweza kuiona.

Hatua ya pili ni kutoa ruhusa kwa mradi, mathalani mradi unaoitwa jenetiki:

openstack flavor set --project jenetiki utafiti.kubwa

Hatua ya tatu ni kuhakiki. Amri ifuatayo huonyesha sifa za fleva pamoja na orodha ya miradi iliyoruhusiwa:

openstack flavor show utafiti.kubwa

Ruhusa huondolewa kwa amri inayofanana na ile ya kuitoa:

openstack flavor unset --project jenetiki utafiti.kubwa

Mwanachama wa mradi usioruhusiwa akitazama orodha ya fleva, utafiti.kubwa haimo. Hata akiwa ameipata namba yake ya utambulisho kwa rafiki na kuiandika mwenyewe, Nova hujibu kwamba fleva hiyo haikupatikana. Jibu hilo ni sawa na lile la fleva ambayo haijawahi kuwepo. Kwa njia hiyo mtu hawezi kubahatisha namba ili ajue wengine wamepewa nini.

== Tofauti kati ya ruhusa na mgao ==

Wanaoanza kujifunza OpenStack mara nyingi huchanganya ruhusa ya fleva na mgao wa mradi. Ruhusa hujibu swali "aina gani ya mashine?", na mgao hujibu swali "kiasi gani kwa jumla?".

Mgao wa kawaida wa Nova kwa kila mradi, kama msimamizi hakuubadilisha, ni mashine 10, prosesa 20 na kumbukumbu MB 51,200, yaani GB 50. Sasa urejelee mradi wa jenetiki hapo juu. Umeruhusiwa fleva ya GB 128, lakini mgao wake ni GB 50. Wanachama wataiona fleva katika orodha, wataichagua, na ombi lao litakataliwa kwa sababu limepita mgao. Ni kama mtu aliyepewa ufunguo wa ghala lakini kibali chake cha kuchukua magunia hakitoshi. Msimamizi anapotoa fleva kubwa hana budi kuongeza mgao pia.

Kinyume chake nacho hutokea. Mradi wenye mgao wa kutosha na unaoona fleva zote unaweza kutumia mgao wake wote kwa mashine moja kubwa. Mgao haukukiukwa, lakini seva imejaa.

Kwa upande wa GPU tofauti hii ina uzito zaidi. Mgao wa asili wa Nova huhesabu mashine, prosesa na kumbukumbu, lakini hauhesabu kadi za GPU. Ndiyo sababu katika mawingu mengi fleva ya faragha imekuwa njia kuu ya kuamua nani apate kadi hizo.

== Fleva na seva maalumu ==

Fleva ya faragha peke yake haichagui seva. Inaamua nani anaweza kuomba, haiamui mashine itawekwa wapi. Kazi ya kuchagua seva hufanywa na kipangaji, sehemu ya Nova inayolinganisha ombi na seva zilizopo.

Ili mashine ya GPU iende kwenye seva yenye GPU, msimamizi huongeza sifa za ziada kwenye fleva. Sifa moja inaweza kutaja kadi inayohitajika. Nyingine inaweza kutaja kundi la seva, kwa mfano zenye diski za SSD. Kipangaji husoma sifa hizo na kuziacha seva zisizolingana nazo.

Hapa kuna jambo linaloweza kumpita msimamizi. Tuseme chuo kina seva moja tu yenye kadi 4 za GPU, na fleva ya GPU imefanywa ya faragha kwa ajili ya watafiti wa picha za hospitali. Fleva za kawaida hazina sifa yoyote inayozizuia kwenda kwenye seva hiyo. Siku ambayo seva nyingine zimejaa, kipangaji kinaweza kuweka mashine ndogo za wanafunzi hapohapo. Prosesa na kumbukumbu zikiisha, kadi nne zitabaki bila kazi na watafiti watajibiwa kwamba hakuna seva inayofaa, ingawa hakuna mtu mwingine aliyegusa GPU. Dawa yake ni kuilinda pia seva yenyewe: kuiweka katika kundi lake na kuwasha vichujio vya kipangaji vinavyoikinga na mashine zisizohusika. Kipo pia kichujio kinachoweza kutenga kundi la seva kwa miradi iliyotajwa tu.

== Mambo ya kuzingatia ==

Alama ya wazi au ya faragha huwekwa wakati wa kuunda fleva na haibadilishwi baadaye. Fleva iliyoundwa ikiwa ya wazi kwa makosa haiwezi kugeuzwa kuwa ya faragha. Inabidi ifutwe na kuundwa upya. Vilevile, katika matoleo mapya Nova hukataa amri ya kuongeza mradi kwenye fleva ya wazi, kwa kuwa miradi yote tayari inayo.

Kuondoa ruhusa hakuzimi mashine zilizopo. Nova hutunza nakala ya vipimo vya fleva pamoja na kila mashine, kwa hiyo mashine iliyoundwa jana huendelea kufanya kazi hata kama mradi umeondolewa leo, na hata kama fleva yenyewe imefutwa. Msimamizi anayetaka kurudishiwa kumbukumbu au kadi ni lazima awasiliane na wenye mashine ili wazifute au wazipunguze. Kuondoa ruhusa huzuia mashine mpya, pamoja na kuhamisha mashine ya zamani kwenda kwenye fleva hiyo.

Akaunti ya msimamizi haifai kwa kuhakiki. Msimamizi anaweza kuunda mashine kwa fleva yoyote, hata ambayo haikutolewa kwa mradi wake. Akijaribu mwenyewe na kufanikiwa, hajathibitisha lolote kuhusu watumiaji. Jaribio la kweli hufanywa kwa akaunti ya kawaida mara mbili: kwanza ndani ya mradi ulioruhusiwa, kisha ndani ya mradi usioruhusiwa.

Wakati huohuo msimamizi anapoorodhesha fleva bila kuongeza chochote, Nova humwonyesha zile za wazi na zilizotolewa kwa mradi wake. Ili azione zote, huongeza neno --all katika amri. Asipojua hilo anaweza kudhani fleva imepotea, akaunda nyingine ya pili.

Katika matoleo ya zamani Nova haikuuliza Keystone kama mradi uliotajwa upo kweli. Aliyeandika jina la mradi mahali palipotakiwa namba yake ya utambulisho alipata jibu la mafanikio, lakini watumiaji hawakuona fleva. Matoleo ya baadaye huhakiki kwanza.

Mwisho, fleva za faragha huongezeka haraka. Kila mradi ukiomba saizi yake, baada ya miaka michache orodha huwa na makumi ya fleva ambazo hakuna anayekumbuka zilitolewa kwa nani na kwa nini. Aidha, saizi zisizo na uwiano, kwa mfano kumbukumbu nyingi na prosesa moja, huacha mabaki kwenye seva ambayo hayamfai mtu mwingine. Wasimamizi wengi huwa na saizi chache za wazi, na kuandika sababu, tarehe na mhusika kwa kila fleva ya faragha. Fleva yenyewe ina nafasi ya maelezo inayoweza kutumika kwa kazi hiyo.

== Majukwaa mengine ==

Apache CloudStack, jukwaa lingine huria la wingu la binafsi, lina mipango inayofanana na fleva. Humo mpango unaweza kuwa wa wote au wa vikoa vilivyotajwa, ambapo kikoa ni kundi la akaunti, kwa mfano idara au mteja.

Katika wingu la umma la Amazon mteja hafichwi aina za mashine kwa njia hii. Badala yake, msimamizi wa akaunti huandika sera inayoruhusu au kukataza aina fulani kwa watumiaji wake. Sera hiyo inaweza kumlenga mtu mmoja mmoja, jambo ambalo fleva za OpenStack haziwezi. Hata hivyo mtumiaji huweza kuiona aina ya mashine katika orodha na kukataliwa pale tu anapojaribu kuiunda, wakati katika OpenStack fleva asiyoruhusiwa haionekani kabisa.